Mwisho wa Mwezi wa Tatu

Jumatatu, tarehe 22 Septemba 1952. Asubuhi ile Temeke iliamka na mawingu mepesi na upepo wa kusi wenye baridi kidogo. Umande ulikuwa bado juu ya marundo ya makumbi ya nazi nilipofika uwanjani, na jua halikutoka mpaka saa mbili.

Sikwenda kufanya kazi. Kazi nilikuwa nimeimaliza Jumamosi. Nilikwenda kuchukua vitu vitatu: mshahara wa mwezi wangu wa mwisho, kiinua mgongo nilichoahidiwa, na cheti. Hicho cheti ndicho hasa nilichokitaka. Shule moja mpya ilikuwa inatafuta mtu wa kutunza stoo, na Mzungu aliyesimamia ujenzi aliniambia, "Lete cheti cha tajiri wako kwamba umeacha kazi kwa amani, uanze tarehe mosi Oktoba." Bila karatasi ile sikuwa na kazi nyingine ya kwenda.

Kwa miaka kumi na mitano nilikuwa msimamizi wa tanuri katika uwanja wa mbata wa Hilal bin Seif. Wanawake walifua nazi, vijana walizipasua, nami nilizikausha kwa moto wa vifuu mpaka zikawa mbata za kukamulia mafuta. Ni kazi ya kukaa na moshi. Ukizidisha moto nazi zinaungua, ukipunguza zinaota ukungu, kwa hiyo huwezi kuondoka, unakaa pale pale machozi yakikutiririka. Mwaka ule macho yangu yalianza kutoa machozi hata siku ya Ijumaa, nikiwa safuni msikitini, mbali na moshi wowote.

Jambo hilo lilinitia hofu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kusoma. Chuoni utotoni nilihitimu Kurani, na Kiswahili niliweza kukiandika kwa herufi za Kiarabu. Lakini risiti, matangazo ya serikali na bei za dukani vyote viliandikwa kwa herufi za Kizungu, na mbele ya hizo nilikuwa kama kipofu. Nilipotimiza miaka arobaini na miwili nilijiandikisha darasa la jioni la Mwalimu Albano, kijana wa Kingoni aliyetoka bara, Mkristo mpole. Kila baada ya sala ya Alasiri niliomba, "Mola wangu, nizidishie elimu," kisha nikaenda kuketi kwenye benchi la watoto, magoti yakinigusa kidevu. Nilipoanza kuweza kusoma mstari mzima, nikaona moshi utaninyang'anya macho kabla sijafika popote. Ndipo nikaamua kuacha kazi.

Niseme pia Hilal alikuwa nani kwangu. Yeye ni Mwarabu aliyezaliwa hapa hapa, na baba yake alinunua nazi kwa baba yangu. Tulisoma chuo kimoja, na kwa kuwa baba yangu hakuwa na ubao wa kunipa, mimi na Hilal tuliandika kwenye ubao mmoja, yeye upande huu na mimi upande ule. Mwalimu alitupiga kwa fimbo moja. Alipofungua uwanja wake mwaka 1937, mtu wa kwanza kuitwa naye nilikuwa mimi. Mbele ya wafanyakazi nilimwita tajiri. Tukiwa wawili nilimwita ndugu yangu, naye aliniita hivyo hivyo.

Sasa nieleze kosa langu, maana lilikuwa langu.

Sisi watu wa pwani tunahesabu miezi tangu siku ya kufungua saumu. Ramadhani ikiisha, mwezi unaofuata ni Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, kisha Mfunguo Tatu, ambao ndio mwezi wa Idi ya kuchinja. Nilikusudia kutoa ilani ya mwezi mzima: nitoe barua mwisho wa Mfunguo Pili, nitumikie Mfunguo Tatu wote, kisha niondoke. Ningeweza kwenda kumwambia Hilal kwa mdomo. Lakini nilikuwa mwanafunzi, nikaona fahari kuandika.

Nikamuuliza mwalimu darasani, "Mwalimu, Mfunguo Tatu huandikwaje katika barua?"

Mwalimu Albano alifikiri kidogo, akasema, "Mzee Mwishehe, hilo ni neno la mtaani. Katika barua andika mwezi wa tatu. Ndicho Kiswahili cha ofisini."

Nikaona ni kweli. Miezi ya Kizungu niliijua kwa majina yake, Januari, Agosti, Septemba. Haikunijia kwamba nayo ina namba. Nikaandika kwa wino, nikarudia mara tatu mpaka ikawa safi: *Temeke, 21 Agosti 1952. Kwa Bwana Hilal bin Seif. Naacha kazi mwisho wa mwezi wa tatu. Ni mimi mtumishi wako, Mwishehe bin Kondo.*

Siku ile ilikuwa Alhamisi, na jioni yake tulitazamia mwezi uandame. Hilal aliifungua barua ofisini mwake, mpwa wake Jaffar, ambaye ndiye karani, akiwa mezani anaandika. Mwajabu, mfua nazi wetu wa siku nyingi, alikuwa mlangoni ameleta hesabu ya nazi za asubuhi.

"Umeandika mwenyewe?" Hilal aliuliza.

"Mwenyewe."

"Mashaallah! Mwandiko kama kuku aliyekanyaga wino." Akacheka, nami nikacheka. Kisha akaisoma tena polepole. "Mwezi wa tatu. Ndiyo huu Mfunguo Tatu unaoandama leo?"

"Huu huu. Ukiisha tu, nami nimekwisha."

"Basi Mungu akufungulie, ndugu yangu. Mwezi mmoja wanitosha kutafuta mtu. Na kiinua mgongo chako hakina maneno."

Mwajabu akadakia kutoka mlangoni, "Na sie unatuachia nani? Huyo ajaye atajua hata kuomba dua tanuri lisizime?"

"Nitawaombea huko huko niliko," nikamwambia.

Mwezi ukaandama. Siku ya kumi, Idi, nilisali ubavuni mwa Hilal, na baada ya sala tulikumbatiana, kisha nikala nyumbani kwake, mimi na mke wangu na wafanyakazi wote. Alichinja mbuzi wawili. Baada ya Idi mambo yakaanza kubadilika. Mtu wa kwanza aliyemleta kushika tanuri aliunguza shehena nzima. Wa pili alikaa siku mbili akakimbia moshi. Na wakati huo bei ya mbata ilikuwa inapanda kila wiki. Hilal akaacha kuniambia maneno mengi. Nilidhani ni huzuni ya kuachana, nikamwombea subira.

Basi Jumatatu ile niliingia ofisini, nikatoa salamu. Akaitikia. Hakuniambia nikae.

"Umechelewa leo, Mwishehe," akasema. "Tanuri limepoa."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha wake. "Leo mie mgeni, Hilal. Nimekuja tuagane."

"Tuagane? Mpaka Machi bado mbali."

"Machi ya nini?"

Akafungua mtoto wa meza, akatoa barua yangu. Ilikuwa imekunjwa vizuri, haina hata doa. "Wajua kusoma siku hizi. Hebu soma."

Nikaisoma kwa sauti, kama tulivyofundishwa. "Naacha kazi mwisho wa mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu ni upi? Muulize Mzungu yeyote. Muulize karani yeyote wa posta. Mwezi wa tatu ni Machi. Umeandika Agosti hapo juu, kwa hiyo ni Machi ijayo. Ilani yako ni ndefu kidogo, lakini nimeikubali."

"Hilal, wewe mwenyewe uliniuliza kama ni Mfunguo Tatu."

"Nilikuuliza?"

"Ukasema Mungu akufungulie."

"Dua nawaombea watu wengi." Akaigonga barua kwa kidole. "Karatasi ndiyo inayosema, bwana. Wewe ndiye uliyetaka mambo ya karatasi. Ungekuja kama zamani tukazungumza kama watu, leo tusingefika hapa."

Nikamgeukia Jaffar. "Mwanangu, ulikuwa hapa. Ulisikia."

Jaffar akatazama wino wake. "Nilikuwa naandika, mzee. Sikusikiliza."

"Sikiliza wewe basi," Hilal akaniambia. "Mshahara wako huu hapa, sikudhulumu senti. Lakini ukitoka leo bila kurudi tanurini, wewe ni mtoro. Mtoro hana cheti, wala hana kiinua mgongo. Na sheria ya mtoro waijua."

Niliijua. Siku zile mtu akiacha kazi kabla ya ilani yake kwisha, tajiri aliweza kumpeleka kortini, na kifungo kilikuwapo. Lakini wakati ule sikufikiri kifungo. Kama angesema, "Sina pesa," au, "Sitaki uondoke," ningekasirika tu. Yeye alisema hajui Mfunguo Tatu. Mtu aliyetazama nami angani utoto wote, tukigombea nani ameuona mwezi kwanza, amekaa mbele yangu anasema mwezi anaoujua ni wa posta. Nilichukua mshahara wangu, nikatoka bila kuaga, na sikumbuki nilifikaje nyumbani.

Mke wangu, Tunu, alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta mchele.

"Baba Mwanakombo, ungemwambia kwa mdomo, angekukana vipi?"

"Angenikana vile vile."

"Angenikana vile vile," akaniigiza. "Lakini usingempa kamba ya kukufungia. Umeisuka mwenyewe, umepeleka mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri." Kisha akaona uso wangu, akaweka ungo chini. "Basi, mume wangu. Nenda kasali. Mchele utakukuta."

Nilisali, lakini nisiseme uongo, sikumwombea Hilal heri siku ile.

Jumanne nilikwenda darasani mapema. Nilimweleza Mwalimu Albano habari yote. Alinisikiliza chaki ikiwa mkononi, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mzee Mwishehe, Mfunguo ni nini hasa?"

Nikamweleza. Akakaa kwenye benchi kama mwanafunzi.

"Kwetu Songea hatuna hesabu hiyo," akasema. "Nilidhani pwani mwezi mnauita mfunguo. Nisamehe, baba. Nimekuandikia jela."

"Hujaniandikia. Hukujua. Yule anajua."

Alitaka kwenda kwa Hilal mwenyewe kumweleza kosa lake. Nikamzuia. Kuelezwa hakukuwa na maana kwa mtu anayejua.

Hilal naye hakutaka kesi ya Kizungu, maana ingemchukulia siku nyingi na tanuri lilikuwa limezimika. Kwa hiyo tulikubaliana tupeleke shauri kwa Liwali, aamue, na atakaloamua tulishike. Alhamisi tulikuwa barazani: Hilal na Jaffar upande mmoja, mimi na Mwajabu na Mwalimu Albano upande wa pili, na watu wengine wenye mashauri yao wakisubiri zamu na kutusikiliza bila haya.

Liwali, mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina, aliisoma barua mara mbili. Akamsikiliza Hilal, akanisikiliza mimi, akamuuliza mwalimu, naye akaungama kosa lake mbele ya wote. Jaffar akaulizwa. Akasema hakumbuki. Kisha Mwajabu akasimama, akarekebisha kanga yake.

"Bwana Liwali, shikamoo. Mie nilikuwa mlangoni. Tajiri aliuliza kwa mdomo wake, ndiyo huu Mfunguo Tatu? Huyu akajibu, huu huu. Nimesikia kwa masikio haya mawili."

"Mama, wewe una kazi gani pale?" Hilal aliuliza kwa ukali.

"Nafua nazi zako mwaka wa kumi na mbili huu, na leo wanijua tu nikiwa mlangoni? Haya. Nikuulize na mie: mbuzi tuliokula kwako Idi, tuliwala mwezi gani? Kama mwezi wa tatu ni Machi, basi wale mbuzi bado hawajachinjwa, na mie sijui nilishiba nini."

Baraza zima likaangua kicheko. Hata Liwali alifunika mdomo kwa kiganja. Hilal peke yake hakucheka, na hapo nilijua amekasirika kiasi cha kutorudi nyuma.

Liwali akanyamazisha watu. "Maneno ya mama huyu nimeyasikia. Lakini ni shahidi mmoja, na mkononi nina karatasi ambayo mdai mwenyewe anakiri ni yake. Sasa jambo ni moja. Hilal bin Seif, ulipopokea barua hii, ulifahamu nini? Mfunguo Tatu au Machi? Kama wasema Machi, utaapa juu ya Msahafu. Ukiapa, shauri limekwisha, huyu ni mtoro. Usipoapa, huyu ndiye mwenye haki, nawe utamlipa na kumpa cheti leo hii."

Niliona mambo yameniwia mepesi. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, hawezi. Mtu aliyesoma nami ubao mmoja, aliyesikia mara ngapi yamini ya uongo inavyomzamisha mwenye kuapa, hataweza.

Hilal alikunja mikono ya kanzu yake. Akasema, "Nipeni maji."

Akaenda pembeni kutawadha. Nilimtazama anavyoosha mikono, anavyosukutua, anavyopitisha maji kichwani, kwa utaratibu kabisa, hakuruka kitu. Akarudi maji yakidondoka viwikoni. Liwali akaufungua Msahafu kutoka kwenye kitambaa chake. Hilal akanyoosha mkono wa kulia. Hakunitazama. Hapo nikajua mambo mawili kwa mara moja: kwamba anakumbuka kila neno la siku ile, na kwamba ataapa.

"Bwana Liwali," nikasema, "usimwapishe."

Liwali akaniangalia. "Kwa nini?"

"Ataapa."

"Ndiyo maana ya kiapo."

"Ataapa uongo, bwana, na mimi ndimi niliyemleta hapa. Sitaki kuwa sababu."

Sitasema nilifanya hivyo kwa wema mtupu. Nilijua pia kwamba mkono ule ukigusa kitabu, mimi ni mtoro. Lakini naandika haya nikiwa na udhu, na ninasema kweli: lililonisimamisha kwanza lilikuwa kutotaka aape uongo. Nilikuwa nimeshapoteza ndugu. Kumwona akijitia motoni mbele ya macho yangu kulinizidi.

"Ukizuia kiapo," Liwali akasema polepole, "inabaki karatasi. Na karatasi inasema mwezi wa tatu. Waelewa maana yake?"

"Naelewa. Nitatumikia mpaka Machi."

Mwajabu akapiga yowe. "Mwishehe! Macho yako!"

"Kaa chini, dada yangu."

"Sikai! Watu washuhudie, amesamehewa kuapa na bado anapewa mtumishi! Tajiri, kweli waweza kulala?"

Hilal alikuwa ameurudisha mkono wake, ameuficha chini ya kanzu kama mtu aliyeungua. Akasema, bila kumtazama mtu, "Mimi sikumlazimisha. Karatasi ni yake."

Liwali akamkatiza. "Wewe nyamaza. Ulichoepushwa leo hukijui uzito wake, au unakijua." Akamwamuru Jaffar aandike pale pale kwamba Mwishehe bin Kondo si mtoro, kwamba atatumikia mpaka tarehe 31 Machi 1953, na kwamba siku hiyo atapewa cheti kizuri na kiinua mgongo chake chote. Tarehe akataka iandikwe mara mbili, ya Kizungu na ya Kiislamu. Jaffar akahesabu kwa vidole, akapotea, ikabidi mimi nimhesabie: siku hiyo kwetu itakuwa katikati ya Rajabu. Hilal akatia saini.

Nikaweka yangu chini ya ile yake, kwa herufi za Kizungu. Nikafikiri ile stoo ya shule, rafu zake mpya, dirisha lake kubwa. Wiki ijayo mtu mwingine angekaa pale.

Mwalimu Albano alikuwa ameinamisha kichwa, midomo ikichezacheza. Nilijua anasali kwa namna yake, nikamshukuru.

Liwali aliikunja karatasi, akaiweka chini ya mkono wake. "Karatasi zimekwisha kutusumbua wiki hii," akasema. "Nataka kusikia kwa mdomo wako, mbele ya watu hawa, ili asitokee mtu kesho akasema hakuelewa. Simama, Mwishehe. Sema unaloahidi."

Nikasimama. Watu wa barazani wakasogea karibu, hata wale waliokuwa wakigombania mpaka wa shamba. Nilimgeukia Hilal, na safari hii alinitazama. Nikasema kwa sauti, kama nisomavyo darasani, neno moja moja:

"Mimi, Mwishehe bin Kondo, naahidi mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu mliohudhuria. Nitafanya kazi katika tanuri la Hilal bin Seif mpaka jua litue tarehe thelathini na moja Machi. Sitachelewa siku moja, wala sitachukua hata kifuu kisicho changu. Akinisalimu nitamwitikia, kwa kuwa salamu ni haki ya Mwislamu. Lakini kuanzia leo, tukiwa mbele za watu na tukiwa wawili, nitamwita tajiri. Ndugu sitamwita tena."